Namba P0325 hadi P0328: jinsi ya kujua kama gari lako la tabo linagonga kweli

Kama una Subaru Forester, Legacy au Impreza yenye tabo, huenda fundi amewahi kukuambia, "Injini inagonga, tubadilishe sensa," au mbaya zaidi, "Injini imekwisha." Kabla ya kulipa, soma makala haya. Yanaeleza namba za hitilafu zinazohusu kugonga zina maana gani, na vipimo vya kufanya kwa mpangilio, kuanzia vile visivyo na gharama. Yanawafaa wenye magari, madereva, na vijana wanaojifunza ufundi katika gereji za Nabuyonga na kwingineko Mbale na Jinja, wawe wenyeji au wakimbizi.

Kugonga ni nini?

Kwa kawaida cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, kisha moto husambaa ndani ya silinda. Injini hugonga pale ambapo sehemu ya mchanganyiko huo inajiwasha yenyewe kwa joto na mgandamizo, kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlio wake ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa unapopanda mlima ukiwa umekanyaga mafuta.

Tabo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo joto na mgandamizo huwa juu zaidi. Ndiyo maana gari la tabo huumia haraka. Kugonga kukiendelea, pistoni hupasuka au kutoboka.

Sensa ya kugonga hufungwa kwa bolti kwenye bloku ya injini. Inapotikiswa hutoa umeme kidogo. Kompyuta ya gari ikitambua mtikiso wa kugonga, huchelewesha cheche ili kuiokoa injini.

Namba zinasema nini?

• P0324: hitilafu katika mfumo wa kudhibiti kugonga.
• P0325: hitilafu katika saketi ya sensa ya kwanza.
• P0326: ishara ya sensa ya kwanza haiko katika kiwango kinachotarajiwa.
• P0327: ishara iko chini mno.
• P0328: ishara iko juu mno.
• P0330 hadi P0333: hitilafu za namna hiyo kwa sensa ya pili, katika injini zenye sensa mbili.

Magari ya zamani ya Japani husomwa kwa kuhesabu mimweko ya taa ya injini. Kwa Subaru namba ya sensa hii ni 22, na kwa Toyota ni 52.

Jambo la kukumbuka ni hili: namba hizi zinahusu sensa, waya zake na ishara yake. Hazithibitishi kwamba injini inagonga. P0326 peke yake inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu katika baadhi ya magari makelele ya injini yenyewe yanaweza kuileta.

Kinyume chake pia ni kweli. Injini inaweza kugonga vibaya bila taa yoyote kuwaka, kwa sababu sensa ni nzima na kompyuta haioni kasoro katika saketi.

Chukua mfano wa madereva wawili. Wa kwanza ana P0327, gari halina nguvu, lakini hakuna mlio. Anaambiwa anunue injini nyingine, kumbe waya umekatika. Wa pili anasikia kokoto kila akipanda kuelekea Kapchorwa, lakini taa haijawaka, basi anaendelea na safari. Huyu wa pili ndiye atakayepoteza injini.

Kama kuna namba lakini hakuna mlio

1. Andika namba zote kabla ya kuzifuta. Zikifutwa bila kuandikwa, fundi anayefuata hana pa kuanzia.

2. Kagua soketi na waya. Katika Subaru nyingi za tabo, sensa iko juu ya bloku, chini ya manifoldi ya hewa na kipoza hewa cha tabo. Joto la hapo hukausha waya na kupasua plastiki. Tafuta kutu, oili, au waya ulioliwa na panya.

3. Uliza kama gari liliwahi kuingia majini. Mto Nabuyonga ulipofurika mjini Mbale mwishoni mwa Julai 2022, maji yalijaa barabarani. Maji yakiingia kwenye soketi, kutu huweza kujitokeza baada ya muda mrefu.

4. Pima sensa kwa mita ya umeme, soketi ikiwa imechomolewa. Katika injini nyingi za Subaru aina ya EJ, kipimo huwa karibu kiloomu 560 kati ya ncha ya sensa na bloku. Magari mengine yana vipimo tofauti, kwa hiyo fuata kitabu cha injini yako. Mita yako lazima iweze kusoma kiwango hicho.

5. Pima waya kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta. Kama sensa ni nzima na waya umekatika, sensa mpya haitasaidia.

6. Ukibadilisha sensa, safisha mahali inapokaa na usiweke washa wala grisi. Tumia spana ya kupimia nguvu. Sensa nyingi za bolti moja hukazwa kwa nyutoni mita 20 hadi 25. Ikilegea haisikii vizuri, na ikikazwa mno inaweza kupasuka.

Wakati unasubiri matengenezo, endesha polepole. Kompyuta isiyoweza kusikia huchelewesha cheche kwa tahadhari. Ndiyo maana gari hukosa nguvu na kula mafuta.

Kama kuna mlio, iwe kuna namba au hakuna

Punguza mafuta mara moja na usilazimishe mlima. Kisha kagua haya:

• Petroli. Magari mengi ya tabo yaliyotoka Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya huko lazima ifikie okteni 96. Uliza namba ya okteni kituoni. Epuka petroli ya chupa na majerikeni ya kando ya barabara. Ikichanganywa na mafuta ya taa, okteni hushuka na injini hugonga.
• Joto. Angalia maji ya rejeta, feni, na kipoza hewa kama kimeziba kwa matope.
• Plagi. Ziwe za aina iliyotajwa kwa injini hiyo. Zilizo za moto mno huleta kugonga.
• Mafuta kupungua. Filta iliyoziba au pampu dhaifu hufanya mchanganyiko uwe na hewa nyingi kuliko petroli. Namba P0171 ikiwepo, anza hapa.
• Shinikizo la tabo. Namba P0234 ina maana tabo inasukuma hewa kupita kiasi. Kagua mipira midogo ya hewa na vali inayopunguza shinikizo.

Ukiwa na mashine ya kupima, mwombe mwenzako asome namba za cheche gari likipanda mlima. Dereva asiishike.

Kama mlio ni mzito, kama nyundo, na unasikika hata gari likiwa limesimama, huenda si petroli bali beringi za konrodi. Zima injini na uivute hadi gereji.

Usikubali mambo haya

• Kufuta namba kisha kukuambia gari limepona.
• Kuchomoa sensa, au kuweka rezista mahali pake ili taa izime. Hapo umeiziba masikio kompyuta, na injini itagonga bila kinga.
• Kununua injini kabla ya kuonyeshwa kipimo cha mgandamizo wa silinda, au vipande vya chuma ndani ya oili.

Unapopeleka gari gereji, omba uandikiwe namba iliyosomwa, kipimo kilichofanywa na matokeo yake. Omba pia risiti na kifaa cha zamani. Fundi aliyepima kweli hatashindwa kukuonyesha. Nawe kijana unayejifunza kazi, fanya hivyo kwa kila mteja, kwa kuwa atakayeona kipimo kwa macho yake atarudi kwako.