Uvira: mashini za kura zilikuja, lakini wakimbizi wa ng'ambo ya ziwa bado hawapigi kura

Vita ya 1996 iliwatoa maelfu ya wakaaji wa Uvira na Fizi, wakavuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma. Mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Tanzania. Watoto waliozaliwa kule leo ni watu wazima, na hakuna uchaguzi hata mmoja wa Kongo uliowafikia. Ndiyo maana swali la kutuma kura kwa njia ya elektroniki linagusa familia nyingi za hapa.

Tarehe 30 Julai 2006, kura zilikuwa za karatasi tupu. Wagombea walikuwa wengi mno: Kinshasa, karatasi ya kuchagua wabunge ilikuwa na kurasa kadhaa.

CENI ilileta mashini katika uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Mpiga kura anagusa picha ya mgombea, mashini inachapa karatasi, naye anaitia ndani ya sanduku. Upinzani ulikumbusha kwamba sheria ilikataza kura ya elektroniki. CENI ikajibu kwamba ile ni mashini ya kuchapa tu, na karatasi zitahesabiwa kwa mkono. Hata hivyo ugomvi haukuisha. Matokeo yalipotangazwa Januari 2019, Martin Fayulu aliyakataa, na maaskofu wa CENCO wakasema hayalingani na yale waangalizi wao waliyoyakusanya.

Mashini zikarudi tarehe 20 Desemba 2023. Mara hii nyingine zilikutwa mikononi mwa watu binafsi, na Januari 2024 CENI ikafuta kura za wagombea 82. Washauri wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake: Bukavu ilipiga kura hiyo, Uvira haikupiga. Wakongomani wa nje walipiga kura katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada. Burundi na Tanzania, zilizo karibu kabisa na sisi, hazikuwemo.

Kuna nchi iliyofika mbali zaidi. Estonia ilianza kura ya intaneti katika uchaguzi wa mitaa wa 2005. Kule mtu anaweza kurudia kura yake, na ya mwisho ndiyo inahesabiwa, ili aliyelazimishwa aweze kujirekebisha. Lakini kila raia ana kitambulisho cha elektroniki. Huko Kenya, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, na moja ya sababu ilikuwa namna matokeo yalivyotumwa.

Historia hii inaonyesha kwamba mashini haileti imani pale imani ilipokosekana. Karatasi iliyo ndani ya sanduku inaweza kuhesabiwa tena mbele ya mashahidi, lakini kura inayopita kwenye rezo haina shahidi wa kuiona. Kwa mkimbizi wa Nyarugusu, hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo zaidi: aandikishwe, apewe karte ya uchaguzi, na sanduku limfikie kambini.