Historia Iliyo Kwenye Mpini

Ukisoma historia ya uchongaji wa Wakamba, utaanza na Mutisya Munge wa Wamunyu, anayesimuliwa kuwa alijifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa vita vya 1914–1918. Sawa. Lakini mimi ningeianzia kwenye mpini wa tupa.

Mpingo ni mti mgumu. Haukawii kula makali ya tezo. Bila kunoa, hakuna kinyago. Na tupa ya kunolea, hata ile ya kutoka Sheffield, kwa kawaida iliuzwa bila mpini, msuka umechongoka kama msumari. Si ubahili wa muuzaji: meno ya tupa huisha, mpini hudumu. Lakini ukiisukuma hivyo hivyo, ikikwama kidogo tu, kiganja kinatoboka.

Babu yangu alijitengenezea wake. Alitoboa kipande cha mti, akapasha moto msuka wa tupa kuukuu, akauchomeka mpaka tundu likachukua umbo lake. Tupa mpya hakuipasha. Moto huua ugumu wa chuma. Mdomoni akavika pete ya bomba, mti usipasuke. Kisha akachonga pahali pa kidole gumba chake, si cha mtu mwingine.

Vinyago vyake vilinunuliwa na watalii, vikaenda zao bila jina. Mpini uko kwetu. Umeshamaliza tupa sijui ngapi, na shimo la gumba bado liko. Anayetaka kuujua mkono wa mchongaji, aushike huo kwanza.