Wagoa Kabla ya Reli

Imekuwa desturi, kila itajwapo taarikhi ya Wagoa wa Afrika ya Mashariki, kusema kwamba watu hao waliletwa na reli ya Uganda, wakafuatana na Waingereza wakiwa makarani, washoni na wapishi, na kwamba kabla ya garimoshi kufika Kisumu mwaka 1901 nchi hizi hazikuwa na habari nao. Hapa Maruku, karibu na Bukoba, kauli hiyo hupokewa bila ya ubishi, na sababu yake ni dhahiri: kwa watu wa magharibi ya ziwa Viktoria Mgoa alikuwa mtu wa Entebbe na Kampala, mwenye kalamu ya serikali, na aliyesafiri kwenda huko alimkuta amekwisha keti.

Walakini iko hati moja ambayo aghalabu waandishi wetu hawaifungui. Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa, ambaye Wareno walimbatiza Dom Jerónimo, aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, na Wakristo wa mji waliokataa kusilimu wakauawa baada yake. Kanisa la Goa, likitaka wafu hao wahesabiwe kuwa mashahidi wa dini, liliwaapisha waliosalimika na kuyaandika maneno yao, na G. S. P. Freeman-Grenville akayatoa kitabuni mwaka 1980. Wako wayasomao kama kisa cha ukatili wa mtu mmoja, usomaji ambao sina subira nao, kwa kuwa hauulizi mtu huyo alilelewa wapi. Baba yake alipouawa kwa hila za Wareno na kichwa chake kikapelekwa Goa, mtoto naye alichukuliwa huko huko, akasomeshwa na mapadre wa Mtakatifu Augustino, hata alipobaleghe akarejeshwa kutawala. Ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ramani yake ilitoka kwa Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa Wareno wa Bara Hindi. Na manowari zilizokuja kumwadhibu Yusuf mwaka 1632 zilitoka Goa pia, zikashindwa, naye akaihama Mombasa kwa merikebu, akawa haramia wa baharini mpaka umauti ulipomfika Jedda mwaka 1638.

Watasema wengine kwamba hao walikuwa Wareno waliopitia Goa, si Wagoa wenyeji wasemao Kikonkani. Hujja hii ina uzito, nami naistahi kuliko ile ya reli. Lakini na tutazame kusini. Msumbiji ilitawaliwa kutoka Goa hata mwaka 1752, na katika bonde la Zambezi Wagoa walimiliki ardhi, wakaoa humo na kuwa na askari wao. Manuel António de Sousa, aliyezaliwa Goa mwaka 1835 na kujulikana kwa jina la Gouveia, aliishika Gorongosa kama milki yake, mpaka watu wa kampuni ya Cecil Rhodes walipomkamata mwaka 1890. Huyu hakuwa karani wa Mwingereza yeyote, naye alifariki mwaka 1892, kabla halijalazwa Mombasa hata taruma moja.

Ya reli yenyewe yamekwisha andikwa na wengi: daktari Rosendo Ayres Ribeiro akizunguka Nairobi juu ya punda milia, na washoni wakiwa na chama chao mbali na makarani, kwani tabaka za Goa zilipanda merikebu pamoja na wenyewe. Wachache hukumbuka kwamba katika jamii hiyo hiyo alitoka Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Nairobi mwaka 1965.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia, Wagoa wakiwamo, waondoke Uganda katika siku 90, na Septemba ndege zake zikaitupia Bukoba mabomu; sisi tumelihifadhi la pili na kulisahau la kwanza, ilhali mwaka huo huo Peter Nazareth, Mgoa mzaliwa wa Kampala, alikuwa amekwisha toa riwaya yake In a Brown Mantle, iliyoiona safari hiyo kabla haijaja. Wengine walikwenda Uingereza na Kanada. Na kwa kuwa Ureno, hata baada ya Bara Hindi kuitwaa Goa mwezi wa Desemba 1961, iliendelea kuwahesabu waliozaliwa kabla ya hapo kuwa raia wake, hati za Lisbon ndizo zilizowafikisha Wagoa wengine wengi Swindon, kabla Uingereza haijajitenga na Umoja wa Ulaya.