Elimu kama Kura: Wanafunzi na Wito wa Vita kutoka Kurasini hadi Bagamoyo, 1966–1977

Tarehe 1 Desemba 1969, nchini Marekani, siku za kuzaliwa za vijana zilipigiwa kura ili kuamua nani atangulie kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo haikuwa na kura ya namna hiyo. Insha hii inadai kwamba hapa elimu yenyewe ndiyo iliyokuwa kura: aliyepata nafasi ya kusoma alihesabiwa kuwa amekwisha kuitwa.

Dalili zilionekana tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu na wenzao walipoandamana Dar es Salaam kupinga sheria ya kuwalazimisha wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Hata hivyo, Tanzania haikuwa vitani. Kwa vijana wa Msumbiji waliokuwa wakisoma Kurasini, wito ulikuwa wa kushika bunduki.

FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Uongozi wake uliwataka wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet Mondlane, wawe tayari kutumwa kwenye mapambano. Wengi wao walitarajia kuendelea na masomo ng'ambo. Padri Mateus Gwenjere aliyaunga mkono malalamiko yao. Machi 1968 vurugu zilizuka, taasisi ikafungwa, na baadhi ya wanafunzi wakakimbilia Kenya.

Uongozi uliwaona kuwa vijana waliotamani kuwa tabaka teule. Hukumu hiyo ina uzito, kwani wakulima wa Cabo Delgado na Niassa walikuwa wakipigana bila kuwahi kupewa nafasi kama hiyo. Lakini haitoshi. Chini ya utawala wa Kireno, Waafrika waliofika sekondari walikuwa wachache mno; kwa kijana aliyeihama nchi yake ili asome, kuacha darasa kulimaanisha kupoteza fursa ambayo huenda isingerudi. Waliobaki katika chama walikuja kushika dola, na simulizi yao ikawa historia rasmi. Waliokimbia walibaki na kumbukumbu za uhamishoni. Mtafiti hana budi kuzisoma zote mbili pamoja.

Mwaka 1970 FRELIMO ilifungua upya shule yake ya sekondari, safari hii Bagamoyo, ambako masomo, kilimo na mafunzo ya kijeshi viliunganishwa. Mwanafunzi hakuulizwa tena achague kati ya kalamu na bunduki. Mfumo huo haukukoma vita vilipomalizika mwaka 1974. Machi 1977, karibu miaka miwili baada ya uhuru, Samora Machel aliwataka wanafunzi waache masomo wakafundishe na kujaza nafasi zilizoachwa na Wareno. Hivyo, mgogoro wa Kurasini haukuwa utovu wa nidhamu tu. Ulihusu nani ana haki ya kuamua elimu ya kijana italipwa lini, na kwa gharama gani.