Mijaín López na Mtu wa Pili

Tarehe 6 Agosti 2024, jijini Paris, Mijaín López wa Cuba alimshinda Yasmani Acosta kwa alama 6–0 katika fainali ya mieleka ya Kigiriki na Kirumi, uzito wa kilo 130. Ilikuwa dhahabu yake ya tano mfululizo ya Olimpiki katika shindano lile lile la mtu binafsi, na hakuna mwanamichezo wa mchezo wowote aliyewahi kufika hapo kabla yake. Wiki mbili baadaye angetimiza miaka 42. Alivua viatu, akaviacha mkekani, akaaga. Picha za viatu hivyo zilienea duniani kote. Hoja yangu inamhusu aliyeshindwa.

Acosta naye ni mzaliwa wa Cuba, na aliwahi kufanya mazoezi pamoja na López. Mwaka 2015 timu ya Cuba ilikwenda Chile kushindana, yeye akabaki huko huko. Olimpiki huruhusu kila nchi mwanamieleka mmoja tu katika kila uzito. Pahali pale palikuwa pa López, na hapakuonekana dalili ya kuachwa wazi.

Ili kuona mtu kama Acosta ana uzito gani, tuangalie ufundi wenyewe. Katika mtindo huu ni mwiko kumshika mpinzani chini ya kiuno au kumtega kwa mguu. Anayezubaa huamriwa kulala kifudifudi, naye mpinzani humkumbatia kiunoni na kujaribu kumpindua. Hapo ndipo mapambano mengi ya uzito wa juu huamuliwa. Katika Olimpiki ya Tokyo, López alipita raundi zote bila kufungwa hata alama moja. Uthabiti wa namna hiyo haujengwi kwa kunyanyua vyuma peke yake: sharti kila siku awepo mtu mwenye kimo na nguvu kama zako anayejitahidi kwa dhati kukung'oa. Mabingwa wengi wana kocha mzuri. Wachache wana wapinzani wa kiwango cha medali ndani ya ukumbi wao wenyewe.

Wanaomlinganisha López na Mrusi Aleksandr Karelin hukwama kwenye hesabu. Karelin alitwaa ubingwa wa dunia mara 9 na Olimpiki mara 3. López, mara 5 na mara 5. Tena Rıza Kayaalp wa Uturuki alimshinda López katika fainali za dunia za 2011 na 2015, kisha akalala mbele yake Rio 2016 na Tokyo. López alijua kuivizia Olimpiki, na mfumo wa nchi yake ulimpa nafasi ya kuivizia. Katika mieleka, tiketi ya Olimpiki ni mali ya nchi, si ya aliyeitafuta. Ndiyo maana aliweza kukaa nje ya mashindano tangu Tokyo na bado akapanda ulingoni Paris.

Haya hayampunguzii chochote. Mwenye kushinda ni yeye. Ila rekodi rasmi inasema Cuba ilikutana na Chile, na kwamba Chile ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mieleka. Mwanahistoria wa mchezo huu ana sababu ya kuandika kwamba dhahabu na fedha za siku ile zote mbili zilitoka shule moja.