Kocha Aondoke au Abaki?

Msimu wa 2024/25 ulipoanza, timu ya Fountain Gate ilihamia mkoani Manyara na kuufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa, pale Babati, kuwa nyumbani kwake. Kwa wapenzi wa kandanda wa Katesh, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini, Ligi Kuu ilikuwa sasa ni suala la nauli ya basi tu. Lakini Ligi Kuu haisafiri peke yake. Husafiri na swali lake, na swali hilo halikuchelewa kufika vijiweni: kocha aondoke au abaki?

Jibu lilitolewa haraka. Mwishoni mwa Desemba 2024 Fountain Gate ilikwenda Dar es Salaam ikachapwa na Yanga mabao 5 kwa 0, na kocha Mohamed Muya akaonyeshwa mlango. Timu haikuwa mkiani. Akaletwa Robert Matano, Mkenya mwenye jina kubwa katika soka ya kwao. Na msimu ulikwishaje, ndugu msikilizaji? Ulikwisha timu ikihangaika katika mechi za mchujo ili isishuke daraja. Iliokoka, lakini kwa jasho jembamba.

Sisemi kwamba Muya angebaki mambo yangekuwa mazuri zaidi. Hilo hakuna ajuaye. Ninalosema ni kwamba mabao 5 ya siku moja, tena mbele ya Yanga, hayatoshi kuwa hukumu ya kazi ya mwalimu. Mimi ningemwacha amalize msimu wake, kisha akaulizwa.

Mkoa huu ulipata kuwa na kiongozi aliyelijua swali hilo kutoka ndani. Marehemu Joel Bendera, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara hadi mwaka 2017 na kufariki dunia Desemba mwaka huo huo, wananchi wengi wa Hanang na Mbulu walimfahamu kama mtu wa mikutano na ziara za miradi. Vijana hawakumfahamu kama kocha. Lakini ndiye yule yule Bendera wa Taifa Stars ya mwaka 1979. Timu ile iliifunga Zambia bao 1 kwa 0 hapa nyumbani, kisha Agosti ikaenda Ndola ikitakiwa kuulinda mtaji huo mbele ya umati wa wenyeji. Zambia walipata bao lao, na Peter Tino akasawazisha. Tanzania ikafuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Huko Lagos, Machi 1980, benchi lilikuwa na Slawomir Wolk kutoka Poland pamoja na wazalendo Joel Bendera na Ray Gama. Matokeo? Tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, tukafungwa na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Pointi moja, na kushika mkia katika kundi. Kwa kipimo cha vijiwe vya leo, benchi zima lingefukuzwa kabla ndege haijatua. Hata hivyo miaka 45 imepita na bado tunawataja kwa heshima, wao pamoja na akina Leodegar Tenga, Jella Mtagwa, Juma Pondamali na Thuwein Ally. Tumewataja muda mrefu kwa sababu hatukuwa na wengine wa kuwataja. Tulikaa miaka 39 bila kurudi.

Katika miaka hiyo 39 tulibadilisha nini? Makocha. Tazama kipande kimoja tu. Mholanzi Mart Nooij alipewa Stars mwaka 2014, akaondolewa Juni 2015 baada ya kufungwa 3 kwa 0 na Uganda kule Zanzibar. Akaja Charles Boniface Mkwasa, ambaye mwaka huo huo alitoka sare ya 2 kwa 2 na Algeria jijini Dar, kisha akakutana na 7 kwa 0 kwao. Akafuata Salum Mayanga, kisha Emmanuel Amunike wa Nigeria. Amunike ndiye aliyevunja mwiko. Machi 2019 Stars iliifunga Uganda 3 kwa 0, tukafuzu, nchi nzima ikaimba. Julai mwaka huo huo, baada ya kupoteza mechi 3 nchini Misri mbele ya Senegal, Kenya na Algeria, Amunike hakuwa na kazi. Aliyetufikisha mahali ambapo hatukuwahi kufika kwa miaka 39 alipewa miezi 4 tu ya kufurahia. Kisha wakaja Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen aliyekuwa akirudi kwa mara ya 2, Honour Janza, Adel Amrouche, na Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. Hesabu mwenyewe: majina 9 katika miaka 10.

Haki itendeke, yapo mabadiliko yaliyoleta nafuu. Januari 2024, tukiwa Ivory Coast, Amrouche aliondolewa katikati ya mashindano baada ya kufungwa 3 kwa 0 na Morocco na kuadhibiwa na Shirikisho la Soka la Afrika. Hemed na Juma Mgunda wakashika timu, tukatoka sare na Zambia na Kongo. Ni kweli pia kwamba kocha akishagombana na kila mtu, au wachezaji wakishaacha kumsikiliza, kumng'ang'ania ni ukaidi. Lakini tofauti na nafuu ya wiki moja, swali la timu inayosuasua mwaka hadi mwaka ni jingine kabisa.

Wapenzi wa mpira wa kikapu wanaukumbuka mfano wa San Antonio Spurs kule Marekani. Desemba 1996 meneja wa klabu hiyo, Gregg Popovich, alimfukuza kocha Bob Hill akajiweka mwenyewe. Timu ikamaliza msimu imeshinda mechi 20 na kupoteza 62. Kwa bahati yake, aliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza kocha ndiye alikuwa kocha! Mwaka 1997 klabu ikampata kijana Tim Duncan. Mwaka 1999 wakawa mabingwa, na Popovich akatwaa ubingwa mara 5 kabla ya kuacha ukocha mwaka 2025. Je, aligeuka kuwa mwerevu ghafla kati ya 1997 na 1999? Hapana. Alipata wachezaji, akapewa muda wa kuwafundisha.

Na wachezaji hutoka wapi? Hapo ndipo wilaya za Mbulu na Hanang zina ushahidi ambao mjini hatuusikilizi. Wilaya hizi, ambazo hadi mwaka 2002 zilikuwa za Mkoa wa Arusha, hazikuwa na kocha wa kufukuza. Zilikuwa na watoto wanaokimbia. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, ndiye yule aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani amefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Dunia inamkumbuka kwa goti lile, na wengi hawajui kwamba miaka 2 baadaye, kule Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Gidamis Shahanga, aliyezaliwa Katesh chini ya mlima Hanang, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978 akiwa hajatimiza miaka 21. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alikopata kocha, ratiba na mashindano ya kila mara, na mwaka 1982 kule Brisbane akachukua dhahabu ya mita 10,000. Mtanzania mwenzake Zakaria Barie akawa wa 2.

Kipaji kilikuwepo kwanza, mwalimu akaja kukinoa. Sisi tunataka mwalimu akizae.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule, yale ya UMISSETA na wenzake wa shule za msingi. Yalirejeshwa baadaye, lakini mtoto wa Basotu au Dongobesh aliyekuwa na miaka 13 wakati ule hakusubiri. Alikwenda kuchunga, kulima au kutafuta kazi Arusha. Medali za Olimpiki za nchi hii ni 2 tu hadi leo, zile za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980. Nani alifukuzwa kwa ajili ya ukame huo? Riadha haina benchi linaloonekana kwenye televisheni, kwa hiyo hakukuwa na wa kumtupia lawama. Hao wachache wanaochomoza, kama Gabriel Geay wa Tlawi, Mbulu, aliyeshika nafasi ya 2 Boston mwaka 2023, wanachomoza kama uyoga, bila mtu wa kusema aliupanda.

Mabasi ya kwenda Babati siku ya mechi yamekuwa yakijaza vijana wa Hanang wanaolipa kiingilio na kuondoka wakibishana juu ya kocha. Nina shauri moja kwao. Siku viongozi wa klabu yoyote inayojiita ya Manyara watakapowaita kuzungumza, kabla jina la kocha halijatajwa, mmoja wenu asimame aulize timu ya vijana ina wangapi waliotoka Mbulu na Hanang, wanafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, na anayewafundisha analipwa na nani.