Mizigo ya Mstaafu: Asili ya Haki ya Kurejeshwa

Mtumishi wa serikali anapokaribia umri wa miaka 60, huzuka swali: aliyekwisha kujenga Mbagala au Bunju bado anastahili kulipiwa gharama za kusafirishwa, yeye na mizigo yake, hadi Kasulu au Songea? Wapo wanaodhani kwamba nyumba ya mjini huifuta haki hiyo. Historia inatufundisha vingine.

Haki hii haikuzaliwa na huruma. Waingereza walimwona mfanyakazi Mwafrika kuwa mpita njia mjini. Manamba waliotolewa Kigoma na Songea kwenda kukata mkonge Tanga walichukuliwa kwa mkataba, na ulipokwisha walitarajiwa kurudi kwao. Dar es Salaam, kota za Ilala, Temeke na Magomeni zilijengwa kwa ajili ya wapangaji. Na tangu mwaka 1944 ilikuwapo sheria ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 1955, Sura ya 366, ilipomwekea mwajiri wajibu wa kumrejesha mfanyakazi, ilimkinga asitelekezwe ugenini. Papo hapo ilimtuliza mtawala kwamba huyo hatabaki mjini.

Uhuru uliurithi wajibu huo, ukaupa maana mpya. Mtumishi wa taifa changa alipangiwa kituo, akahamishwa tena na tena kwa amri ya mwajiri. Ujana wake aliutumia mahali ambapo hakupachagua. Kumrejesha kukawa deni la dola.

Deni hilo limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43. Ajira ikikomea mahali pasipo pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe pamoja na mizigo yake, au amlipie usafiri, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo cha mabasi kilicho karibu na mahali hapo. Sheria inataja pia fedha za kujikimu kila siku, tangu ajira ikome hadi siku ya kusafirishwa.

Tazama kipimo chake, ndugu msomaji: ni mahali pa kuajiriwa. Nyumba haikutajwa. Aliyeajiriwa Temeke akastaafia Temeke hana dai chini ya kifungu hicho. Aliyeajiriwa Kasulu analo, hata kama ana paa lake Mbagala. Tena haki huiva ajira inapokoma, si kabla. Kwa hiyo barua ya ajira ya kwanza, inayoonyesha alikoajiriwa, itafutwe mapema, wakati jalada lingali mezani.

Mkoloni alilipa nauli ili mji umtapike mzee. Sisi tunailipa kwa sababu mzee alitumwa. Anayeizuia nauli hiyo kwa hoja ya nyumba anamwadhibu mtumishi kwa kujiwekea akiba, huku siku za kujikimu zikiendelea kuhesabika, na mlipaji wake ni mwananchi.